Uyoga Nyuma ya Ukuta

Msinitafutie mchawi. Mama yangu Damari hakulogwa, na mkimsikia mtu hapa Misigiri anataja jina la jirani, mleteni kwangu mimi, Aneth, nimtoe ujinga.

Mama alikaa kwangu tangu baba afariki. Chumba chake kilipakana na chumba cha uyoga, na nyumba zetu za tope mnazijua, ukuta wa katikati haufiki juu, hewa ni moja. Upande ule nilitundika mifuko arobaini ya makapi ya alizeti niliyoyachemsha kwenye pipa, nikayatia mbegu. Dirisha nililiziba kwa gunia, maji nikanyunyiza asubuhi na jioni. Uyoga ukatoka mpaka nikaringa. Mwalimu aliyetufundisha kilimo hicho alisema tuuvune ukingo wake ukiwa bado umejikunja. Mimi nikajifanya mjuaji. Nikauacha utanuke kama sahani, maana wateja wanapenda mkubwa. Ukishatanuka unamwaga vumbi jeupe, laini kuliko unga. Nililikuta mezani, nikalikuta kwenye chandarua cha mama, nikafuta nikaendelea na shughuli zangu.

Mama akaanza kukohoa. Jioni homa, na akitoka chooni anahema utadhani katoka kulima. Akapimwa kifua kikuu, hana. Basi nikawa namlisha uyoga, mimi huyo huyo. Niliukaanga na vitunguu, nikauunga kwa karanga, na ule niliokausha juani na kuuweka kwenye ndoo ya mfuniko nikautwanga kuwa unga wa kutia kwenye uji wake.

"Kula mama, huu unashinda nyama," nilimwambia. Alikula ili nifurahi.

Dada yangu mkubwa, Rebeka, akaja kumchukua akapumzike kwake Kintinku. Baada ya wiki tatu nilienda kumjulia hali. Nikamkuta uani anatwanga mtama, anaimba pambio, hakohoi hata kidogo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia mwaka mzima. Rebeka alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Unaona mwenyewe," akasema. "Mwache hapa."

Nikakataa. Nilisema Misigiri wananicheka kwamba mama kanikimbia. Nilisema mimi ndiye niliyemwuguza, yeye alikuwa wapi? Nilisahau kabisa kuwa ni mkubwa wangu, na Rebeka naye si bubu, tukarushiana maneno mpaka majirani wakatoka nje. Mama akaulaza mchi chini.

"Wanangu, yatosha. Nitaenda na Aneth."

Ndivyo alivyokuwa, ugomvi aliuogopa kuliko maradhi.

Siku ya nne tangu turudi kifua kikambana. Siku ya sita midomo ikawa ya kijivu, nikamkimbiza hospitali, wakamwekea oksijeni. Nikampigia Rebeka simu, akasema anapanda basi la kwanza. Asubuhi yake daktari, binti mdogo mpole, akaniita pembeni. Nyumbani mnafuga njiwa? Hapana. Mnalala na nafaka yenye ukungu? Hapana, daktari, sisi ni wasafi, chumba cha pili nimepanda uyoga tu. Nilisema kwa kujivuna kabisa.

Akaacha kuandika. Akanieleza kwamba lile vumbi jeupe ni mbegu za uyoga wenyewe, na wapo watu ambao mapafu yao hayalivumilii, yanavimba, pumzi inakata. Wakikaa mbali nalo wanapata nafuu.

"Hajawahi kuondoka hapo nyumbani akajisikia vizuri?" akauliza.

Nilitoka mbio mpaka nyumbani, nikaburuta mifuko yote uwanjani nikaichoma, nikaosha kuta na kitanda cha mama, nikafua chandarua. Nilijiambia akiruhusiwa atakuta nyumba safi, nami sitapanda hata uyoga mmoja tena maishani.

Niliporudi hospitali ilikuwa saa tisa. Rebeka alikuwa keshafika, kakaa sakafuni barazani, kajifunika kanga kichwani. Mama alikuwa amekata roho saa saba.

Nilikaa karibu na Rebeka nikamweleza yote, vumbi, ukuta, maneno ya daktari. Nilitaka anitukane. Nilitaka anizabe kofi mbele za watu, ningeshukuru. Hakunigusa. Aliniuliza polepole, kama mtu anayeuliza njia.

"Kule kwangu hukuona kwamba amepona?"

"Niliona, dada," nikasema. "Ndiyo maana nilimchukua."