Mgongo wa Bujiku na Mpini Mrefu

Kitendawili! Tega. Asubuhi anatoka nyumbani kwa miguu miwili, jioni anarudi kwa minne, na pombe hajaonja.

Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, mmenipa Kahama, nimekwenda, nimekula nyama na mafuta yake, nimerudi. Jibu ni mume wangu, Bujiku.

Bujiku alirudi kutoka machimbo ya Geita mwaka mmoja kabla ya nzige wale wekundu, mvua zikiwa zinakaribia. Alikuja na kaptula ya kaki, kofia ya kizungu, na mgongo uliopinda kama mundu. Misimu miwili alikuwa akibeba mawe mle shimoni ambamo hata mbuzi angeinamisha pembe. Shimo lilibaki Geita, lakini yeye aliendelea kuinama. Hakuna aliyemwambia kwamba ameshatoka.

Siku ya pili alitaka kunionyesha nguvu. Akaliendea gunia la mtama, akanyoosha magoti kama korongo, akainama kutoka kiunoni, akalikwapua. Nikasikia "Yalaa!" Kisha akaanza kuimba, ili nidhani ile yalaa ilikuwa mwanzo wa wimbo.

"Baba Melania," nikamwambia, "wimbo huo una machozi."

"Ni vumbi la mtama, Mama Melania."

Ningemwacha na vumbi lake kama si habari ya kulima. Kijijini kwetu, karibu na Mwakitolyo, shamba halilimwi na mtu mmoja. Ngoma inalia, kila nyumba inatoa jembe moja, tunalima kwa huyu leo, kesho kwa yule, mpaka zamu yako ifike. Na sheria ilikuwa hii: jembe lisilofika mwisho wa tuta lake, ngoma itairuka nyumba ile. Sisi tulikuwa na shamba kubwa, mtoto wa miaka miwili, na akiba ya mtama iliyobaki kidogo tu ndani ya kihenge. Ngoma ikituruka, mwaka ule tungekula kofia ya Bujiku.

Ilikuwapo sheria nyingine, ya kipumbavu, nayo ndiyo wanaume waliyoipenda zaidi. Ukishaanza tuta huruhusiwi kunyoosha mgongo mpaka ulimalize. Anayenyooka katikati anatoa kuku. Mipini ya majembe yao ilikuwa mifupi kama mkono wa mtoto, maana mpini mrefu walisema ni wa mvivu anayetaka kulima huku anatazama mawingu. Basi kila jioni utawaona wanaume wazima wamejishika viuno, wanalaumu wachawi.

Nikakaa na mume wangu. "Sikiliza. Mimi nabeba mtungi kutoka kisimani tangu nina miaka saba. Mtungi haukubali ujinga. Ukipinda, unakulowesha. Kwa hiyo shingo inasimama, mabega yanashuka, na kuuinua nachuchumaa kwanza, nauleta karibu na tumbo, kisha miguu ndiyo inafanya kazi. Umeshanisikia nikilia mgongo?"

"Wewe ni mwanamke."

"Na mgongo wangu je, ni wa kike? Una mifupa ya maharage?"

Akajikuna kisogo. Nikalichukua hilo kuwa ndiyo. Kitanda chetu cha kamba kilikuwa kimebonyea katikati kama chano, nikamtoa humo, nikamtandikia ngozi ya ng'ombe chini. Alinuna siku mbili, ya tatu akaamka bila kushika ukuta. Nikamkataza kukaa kwenye kigoda asubuhi nzima amejikunja kama konokono. Ainuke, azunguke boma, arudi. Na kila jioni nikamtwika mtungi nusu, nyuma ya nyumba, atembee taratibu.

Tulidhani uzio wa minyaa unatuficha. Jirani yetu Apolonia akachungulia.

"Baba Melania! Umeolewa lini, mbona hatukualikwa?"

Bujiku akageuka kwa ghafla, mtungi ukamlowesha mpaka kwenye kaptula. "Apolonia," nikasema, "mlete na mumeo, naona siku hizi anatembea kama anatafuta sindano." Akacheka mpaka akaushika uzio, na utomvu wa minyaa unaowasha ukamfundisha adabu.

Siku kumi zikapita hivyo. Bujiku alikuwa amenyooka kidogo. Nikamchongea mpini mrefu unaomfika kifuani, nikautia jembe letu la pili. Asubuhi ya kulima kwa Mageni, mzee wa ngoma, nikampa. Akautazama kama nimempa nyoka.

"Wataniona mvivu."

"Watakuona unarudi kwa miguu."

Akachukua mfupi. Wanaume! Nikaubeba mrefu mwenyewe, nikamfuata.

Tuta la kwanza akamaliza. La pili akamaliza, jasho likidondoka puani. Katikati ya la tatu mgongo ukafunga kama mlango. Akabaki pale pale, jembe chini, pua karibu na udongo, hapumui, hasogei, ameitumbulia ardhi macho.

Kijana mmoja jirani yake akamtazama. Huyu mtu ametoka Geita, ameinama, anakodolea udongo. Akapiga kelele: "Ameona dhahabu!"

Ngoma ikakatika. Mageni alikuwa wa kwanza kufika, ndevu zinapepea, wenzake wanne nyuma yake. Wakapiga magoti kumzunguka mume wangu, wakaanza kukwaruza tuta kwa kucha.

"Iko wapi, ng'wana wane, mwanangu? Usiwe mchoyo, shamba ni langu!"

"Mgongo," akanong'ona Bujiku.

"Mgongo wa dhahabu? Mwamba wake unaelekea wapi?"

Nikafika nikawasukuma. Tulimshusha Bujiku polepole, ubavu kwanza, kisha chali mferejini, mashavu ya miguu yake juu ya tuta, magoti yamekunjwa. Akashusha pumzi ndefu. Hapo Mageni akaelewa, akajipangusa udongo kwa hasira ya mtu aliyechekesha watu.

"Jembe la nyumba hii halikufika mwisho," akatangaza. "Ngoma itairuka."

"Mzee Mageni," nikasema kwa heshima zote, "sheria inasema jembe la nyumba lifike. Haikusema lishikwe na mwenye ndevu."

Nikashika mpini mrefu. Nikalima, mguu mmoja mbele, magoti yamelegea, nikibadili mguu na mkono kila baada ya hatua chache. Na kila nilipotaka, nilinyooka, nikapumua, nikatazama mawingu hasa.

"Kuku!" wakapiga kelele. "Amenyooka! Kuku!"

"Nitatoa," nikajibu. "Lakini wa kwanza waletwe na wale watano walionyooka wakatimua mbio kutafuta dhahabu. Mzee Mageni, wako ni jogoo au tetea?"

Wanawake walioleta uji shambani wakapiga vigelegele. Apolonia alianguka chini kwa kucheka. Mageni akatazama ngoma, akatazama kucha zake, akasema tuendelee, jua linapanda. Habari ya kuku haikutajwa tena. Nililimaliza tuta nikiwa wa mwisho kabisa, lakini jembe lilifika, na watu wote waliliona likifika.

Bujiku alilala siku mbili, ya tatu nikamwinua atembee, maana mgongo ukiulaza mno unasahau kazi.

Wiki iliyofuata ngoma ikaja kwetu. Nilisimama mlangoni nikawahesabu wakiingia. Majembe kumi na manne, yote yana mipini mirefu, mibichi, mingine bado ina gome. Hakuna aliyemtazama mwenzake usoni.

"Shikamoo, Mzee Mageni. Mpini mpya?"

"Marahaba, mayu, marahaba mama. Ule wa zamani umeliwa na mchwa."

"Pole sana. Na hii mingine?"

"Mchwa," wakajibu wote kwa pamoja.

Bujiku akachukua wake mrefu, akaingia kwenye tuta la kwanza, na ngoma ikalia.