Mzinga wa Rufiji Unapita Mtaa wa Swahili

Kila Jumapili saa saba mchana Ravindra hufunga nusu ya mlango wa duka lake la vyombo vya plastiki, Mtaa wa Swahili, na kuweka beseni la bluu juu ya kaunta. Hulijaza maji hadi vidole vinne chini ya ukingo. Elimringi, mwenye duka la jumla la sabuni ng'ambo ya barabara, huwa ametoka kanisani na bado amevaa koti. Huja na mfuko wa vizibo vya soda, vyekundu vyake, vya kijani vya Ravindra, na wawili hao hupigana upya vita vya baharini vilivyokwisha zamani.

Wamefanya hivyo kwa miaka kumi na moja. Wamepigana Diu, alikozaliwa babu yake Ravindra, mahali Wareno walipowashinda Wagujarati na wenzao. Wamepigana vita vya Waturuki na vya Waholanzi. Mwamuzi ni kitabu kinene ambacho Ravindra alikinunua kwa muuza vitabu vya mitumba.

"Mangi, wewe mtu wa mlimani," Ravindra humwambia mwenzake. "Bahari umeionea Feri, ukinunua samaki."

"Na wewe Ravibhai, pantoni ya Kigamboni tu inakutapisha. Safari ya dakika tano!"

Maji yalianza kuwa ya chumvi mwaka wa tatu. Mwaka wa nne vizibo viliota milingoti, na mizinga ikawa inalia kama bisi zinazokaangwa. Blandina, mke wa Elimringi, alilalamika mara moja kwamba moshi wa baruti unaingia kwenye gauni lake la kanisani, na tangu hapo hukaa karibu na feni. Wateja huuliza bei ya ndoo, hutazama kidogo, huenda zao.

Kulikuwa na vita moja ambayo Elimringi aliikwepa. Ilikuwa ya mwaka 1915, meli ya Wajerumani ilipojificha kwenye mikoko ya Rufiji na Waingereza wakaizamisha. Baadaye mizinga yake ilitolewa majini ikavutwa kwa kamba hadi Dar es Salaam. Ndemasi, baba wa babu yake Elimringi, alichukuliwa kutoka kwao Machame, mlimani, kwenda kuivuta, na hakurudi. Kwao watu huzikwa kihambani, kati ya migomba. Kihamba cha ukoo kina sehemu ya kaburi moja iliyozungushiwa mimea ya masale, haijachimbwa kwa miaka zaidi ya mia. Shangazi Angela, mjukuu wa Ndemasi, ana miaka tisini na mitatu. Kila Krismasi humuuliza Elimringi kama kuna habari, kwa sababu hataki kuzikwa yeye kabla babu yake hajazikwa.

Ravindra hakuyajua hayo. Jumapili moja ya Juni alifungua kitabu akasema, "Leo ya nyumbani. Rufiji. Mimi Mwingereza."

Elimringi aliangalia beseni kwa muda. "Haya," akasema.

Maji yakageuka kahawia. Mikoko ikaota kwenye ukingo wa plastiki, mizizi yake ikishuka hadi kwenye kaunta. Meli ya Elimringi ilipigwa kwa muda wa glasi moja ya chai, ikalala ubavu, ikazama kwenye tope.

"Umekwisha, Mangi," alisema Ravindra. "Kunja jamvi."

Lakini beseni halikutulia. Kwenye ukingo ulitokea mstari wa watu, kila mmoja urefu wa njiti ya kiberiti, wameshika kamba. Walivuta kwa pamoja, wakapumzika, wakavuta tena, mpaka mzinga ukatoka majini ukiwa umejaa matope, ukaanguka juu ya kaunta kwa kishindo kilichotikisa vikombe. Walikuwa wengi kuliko mizinga yote ambayo marafiki hao waliwahi kuipanga. Mwisho wa mstari haukuonekana; walikuwa bado wanapanda kutoka ndani ya maji. Walikuwa wanaimba, kila kundi kwa lugha yake, na mvuto ulikuwa mmoja. Blandina alizima feni ili isiwapeperushe.

Muuza maji aliyekuwa akipita alisimama mlangoni, akavua kofia, akabaki ameishika kifuani.

"Ravibhai," alisema Elimringi, "kitabu kinasemaje kuhusu hawa?"

Ravindra alitafuta. Kitabu kilitaja uzito wa meli, unene wa chuma chake, jina la nahodha na jina la mbwa wa nahodha. Kuhusu wavutaji kulikuwa na mstari mmoja. "Wapagazi wenyeji," alisoma, "idadi haijulikani." Akafunua ukurasa wa pili, kisha wa tatu, halafu akakifunga taratibu. "Ni hayo tu, Mangi."

Ndipo Elimringi alipomweleza habari za Ndemasi.

Ravindra alimsikiliza hadi mwisho. "Ungeniambia," alisema. "Nisingeichagua."

"Ningekwambia, nisingewaona."

Jioni ile Elimringi alimpigia simu shangazi yake. Bibi huyo hakushangaa. Aliuliza kama wanaonekana wamekula. Kisha alisema atatuma jani la sale, kwa sababu mtu wa mlimani haruki sale. Akiliona mbele yake, lazima asimame. Jani lilifika kwa basi la Ijumaa, limefungwa kwenye gazeti lenye unyevu.

Jumapili iliyofuata wavutaji walikuwa palepale walipoachia, katikati ya kaunta. Elimringi alivaa miwani ya kusomea, akalilaza jani mbele yao. Alitarajia mtu mmoja asimame.

Walisimama arobaini na mmoja. Kamba ikalegea. Waliinama juu ya jani, wengine wakaligusa kwa viganja, na mmoja akaweka shavu lake pale akafumba macho.

Elimringi alipiga magoti mpaka uso wake ukawa sawa na kaunta. "Shikamooni," alisema.

Marahaba yao ilisikika kama mvua ikianza kwenye bati.

"Namtafuta Ndemasi wa Machame. Nataka kumpeleka nyumbani. Ni nani kati yenu?"

Wote arobaini na mmoja waliinua mikono. Nyuma yao, watu ambao hawakuwahi kuona mlima wala sale waliulizana kilichosemwa, wakaambiwa, nao wakainua mikono. Mkono baada ya mkono uliinuka, kurudi nyuma hadi kwenye beseni, na ndani ya beseni vidole vilitokeza juu ya maji.

"Mungu wangu," alisema Blandina polepole.

Ravindra alileta mkasi wa kukatia maturubai akajaribu kuikata kamba. Ulipinda ule mkasi. Alileta mwingine, nao ukapinda. Kisha mnyapara mwenye urefu wa njiti alipuliza filimbi. Mikono ikashuka, migongo ikainama, na mzinga ukasogea upana wa kidole kimoja.

Elimringi alimwambia shangazi ukweli. Alisema hawezi kumtambua, na hata angemtambua, kamba haikatiki.

"Basi waje wote," alisema Shangazi Angela.

"Shangazi, sehemu ni ya kaburi moja."

"Migomba si inakatwa?"

Krismasi ile Elimringi alipanda Machame peke yake akakuta shimo limechimbwa pana kama uwanja wa shule, masale yamehamishiwa pembeni, na ng'ombe wa jirani wanapelekwa malishoni kwa kulizunguka.

Wavutaji wameshatoka dukani na mzinga wao, wako barabarani. Pikipiki huwakwepa, na wamachinga hunyanyua maturubai yao wakipita. Ravindra humwaga maji kidogo njiani, lami isiwaunguze miguu. Hakuna mwenye jina, hata sasa, na idadi bado haijulikani, ingawa Ravindra amejaribu kuwahesabu mara tatu.

Shangazi hupiga simu kila Jumapili.

"Wamefika wapi?"

"Wanakaribia Mnazi Mmoja."

"Na kamba?"

"Bado wameishika, Shangazi."

"Haya," husema bibi. "Waambie huku mvua imeacha. Shimo ni kavu."

Elimringi huchuchumaa barabarani na kuwaambia.