Fulana ya Baba Mkwe

Kwangu mimi nguo ya ndani haitupwi. Chupi ikichoka naitoa lastiki, nafungia mifuko ya unga. Boksa ya pamba inakuwa tambara la vyombo, na sidiria ikishakufa kabisa, vile vikombe vyake vinene natengenezea vishikio vya sufuria. Mdogo wangu ananicheka eti siku nikifa sanda yangu itakuwa na viraka. Acheke. Mikono yake ina alama za moto, yangu haina.

Mume wangu ndiye aliyenishinda. Mtaani wanamwita Taratibu, na jina limemkaa. Tangu tuoane nimemwimbia, baba, soksi ikitoboka usiitupe nyuma ya kabati, chukua mkasi, kata. Nimesema mpaka ulimi umeota sugu. Anaitikia "sawa mke wangu" na soksi inakwenda nyuma ya kabati. Kumbe siku yake ya kunisikia ilikuwa inakuja, na ilikuja Jumamosi moja mchana, nilipokwenda dukani kununua sabuni.

Nilimkuta uani amechuchumaa mbele ya pikipiki yake mkweche, mikono myeusi tii, uso unang'aa kwa furaha.

"Leo utanipenda," akasema. "Nimekukatia matambara yako yote."

Nilitaka kumshukuru, haki ya Mungu. Nikaona alichoshika. Kilikuwa kitambaa kilicholowa oili chapachapa, na pembeni mwake nikaona uzi wa buluu.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Pale kwenye kiti. Si ulikuwa umezipanga mwenyewe?"

Kweli nilikuwa nimezipanga. Boksa zake kuukuu niliziweka juu ya kiti zikisubiri mkasi. Lakini kwenye mgongo wa kiti hichohicho nilikuwa nimetandaza fulana ya ndani ya marehemu baba yake imalizie kukauka. Bwana mkubwa alizoa vyote.

"Wewe mwanaume," nikasema, na nilisema polepole kwa sababu dirisha la mama yake lilikuwa wazi juu ya vichwa vyetu. "Umemkata baba yako."

Aliitazama ile nguo mkononi. Nikaona furaha inamtoka usoni kidogo kidogo.

Niwaeleze, maana bila hivyo mtasema nagombea kitambaa. Mama mkwe wangu akili yake inapotea. Mumewe alikufa zamani, lakini kila akiamka usingizi wa mchana anamtafuta. Anaingiza mkono chini ya mto, anaitoa ile fulana, anaipapasa mpaka kwapani, anakuta kiraka alichokishona mwenyewe kwa uzi wa buluu siku uzi mweupe ulipomwishia, na hapo anatulia. Anakula, anacheka, anaturuhusu tumwogeshe. Asipoikuta anatoka. Anakwenda gereji kumfuata mumewe, aliyekuwa fundi huko, na gereji yenyewe ilibomolewa, na njia ya kwendea ni ile barabara kuu ya malori. Mara ya mwisho fulana ilikuwa imelowa kwenye kamba. Tulimkuta katikati ya barabara, miguu mitupu, dereva wa lori ameshuka anatetemeka kuliko yeye. Kufunga geti hatuwezi, ni la wapangaji wote. Kumshika kwa nguvu ndiyo usiseme, mkono wake ulivimba wiki nzima kwa sababu tulijaribu.

"Tumpe nyingine," mume wangu akanong'ona. "Ninazo fulana nyingi za zamani."

"Zina uzi wa buluu?"

Mama hatambui tena sura. Mwanawe huyu wa kumzaa anamwita kijana wa mita, anadhani amekuja kusoma umeme, na kila siku anamuuliza kwa adabu kama bili imepanda. Zamani alikuwa akimwita Mkia, kwa vile utotoni hakuachana na baba yake, gereji yumo, njiani yumo. Jina hilo lilikwenda na akili yake. Mume wangu anajibu tu, "Hapana mama, haijapanda," kisha anakwenda kukaa kwenye pikipiki yake. Lakini vidole vya mama, jamani, vidole havijasahau kitu. Huwezi kuvidanganya.

"Vipande viko wapi?"

Kimoja ndicho hicho. Cha pili alikuwa amekifunga kwenye bomba linalovuja, nikakifungua, maji yakaniruka usoni. Na cha tatu, cha mbele chenye mikanda ya mabega, alimpa kinyozi wa pale getini.

"Umempa kinyozi!"

"Aliomba."

Mama huamka jua likiingia dirishani kwake, na jua lilikuwa limeshagusa ukuta. Nilikwenda mbio. Kinyozi alikuwa na mteja kichwa nusu, na fulana ya baba mkwe ilikuwa begani kwake imejaa nywele. Nikaivuta.

"Mama, hata salamu?"

"Salamu baadaye. Ukimwona bibi anatoka, msimamie hapohapo getini. Mwambie lolote, usimshike."

Kinyozi anamjua bibi. Alizima mashine, akasogeza kiti chake mpaka katikati ya njia. Mteja akabaki na kichwa chake nusu, hakuna aliyemuuliza.

Nikarudi. Kile kipande cha oili ndicho chenye kiraka, kwa hiyo bila hicho hamna fulana. Nilikitia sabuni, nikakitia maji ya moto mpaka vidole vikawaka, nikakifikicha. Maji yakawa meusi, nikamwaga, yakawa meusi tena. Mume wangu amesimama nyuma yangu anasema pole, pole, mpaka nikamwambia akisema tena nitamfua yeye.

"Shona tu," akasema. "Cherehani hiyo hapo."

"Cherehani inalia kama treni na mama amelala ukuta wa pili! Nipe sindano."

Nikakaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani. Nimeshona maisha yangu yote, lakini siku hiyo uzi ulikataa kuingia kwenye tundu. Mume wangu ndiye aliyeutia, kwa mikono ileile ya oili, na uzi ukageuka mweusi. Nikashona hivyohivyo. Mgongo na mgongo, kisha ubavu, mishono mirefu ya haraka ambayo ningemcheka fundi yeyote angeniletea. Maji ya bomba yanamwagika, hakuna wa kuyaziba. Nilipofika ubavu wa pili nikasikia kitanda kinalia.

Tulitazamana.

"Nenda ukamwongeleshe," nikamwambia.

"Nimwambie nini? Mimi kwake ni mtu wa umeme."

"Mwambie bili imepanda!"

Hakuwahi kuondoka. Mlango wa mama ulifunguka, naye akatoka ameshavaa viatu, kushoto kulia na kulia kushoto, macho yake yako mbali. Nimemwona hivyo mara nyingi na bado sijazoea. Hakuniangalia.

"Amechelewa," akasema. "Naenda kumwangalia."

"Mama, kaa kidogo."

"Nipishe, mwanangu."

Alinipita. Aliposhika kitasa cha mlango wa mbele nilikuwa bado na ubavu mzima wazi, sindano inaning'inia kwenye uzi. Ningefanya nini? Nikakimbia mbele yake, nikamwekea ile fulana mikononi, mbichi, nusu imeshonwa, inanuka gereji, nami nimeng'ang'ania sindano isimchome. Niliomba Mungu nikiwa nimefumbua macho.

Vidole vyake vilitembea. Vikapita mshono wangu wa kwanza, vikasita. Vikapita wa pili. Uso ukaanza kukunjamana, nikajua tumekwisha. Kisha vikafika kwapani, vikaukuta ule uzi wa buluu, vikasimama.

Akaipeleka puani.

Sisi tumeifua ile fulana miaka yote, kwa sabuni ya unga, kwa sabuni ya mche, tukaianika juani. Tuliisafisha mpaka haikuwa na harufu ya mtu yeyote. Mama alivuta pumzi ndefu, akavuta tena, mabega yakashuka.

"Huyu mtu!" akasema kwa hasira, na hasira ile ilikuwa nzima, ya mke aliye nyumbani kwake. "Nimemwambia mara ngapi asiniletee oili ndani?"

Mume wangu alikuwa mlangoni, mikono myeusi hadi viwikoni, hajui aiweke wapi. Mama akageuka, akamtazama. Akaishika mikono ile, akaigeuza viganja juu, akainusa nayo.

"Na wewe Mkia," akasema. "Umemfuata tena gereji? Si nilikukataza?"

Mume wangu hakuivuta mikono yake. Akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa analia waziwazi kama mtoto, na mama akamfuta machozi kwa fulana ya baba yake, akamwachia mstari mweusi kuanzia jichoni hadi shavuni.

"Nenda ukanawe," akamwambia. "Chakula kinapoa."

Hakunawa. Alikaa karibu na mama wakati mama anakula, mikono juu ya meza mbele yake, mama akimgombeza mpaka tonge la mwisho. Jioni mama alimwita tena kijana wa mita.

Kesho yake mchana, jua likiwa ukutani, nilimkuta mume wangu uani ameifungua pikipiki yote, anajipaka oili mikononi. Pikipiki haikuwa na tatizo lolote. Nikaichukua sabuni pale bombani, nikaingia nayo ndani.