Supu ya Shangazi na Meno ya Nta

Fundi meno alikuwa amemcheka baba mkwe wake mtarajiwa miezi mizima. Kimoyomoyo lakini, maana hakuwa na wazimu wa kumcheka usoni. Mzee alikuwa ameapa kutokula chochote kilichopita motoni. Asubuhi matunda, mchana matunda na majani, jioni karoti. Majirani walimbandika jina la Mzee Karoti, naye akaitika bila kinyongo. "Tumbo langu limetulia," alikuwa akisema. "Anayetaka kucheka acheke, mimi nalala usingizi."

Siku hiyo wawili hao walisafiri kwa gari la kuazima kwenda kwa dada mkubwa wa mzee. Binti wa mzee asingeozwa mpaka shangazi yake amwone huyo mchumba kwa macho yake. Kabla ya kuondoka mzee alipitia chumba cha kazi cha fundi kuchukua meno yake mapya ya bandia. Fundi akamvalisha. Mzee akajitazama kwenye kioo, akatabasamu kidogo tu, asije akamdekeza kijana wa watu.

"Sikiliza bwana," akasema. "Ukikosea kinywani mwangu, kwa binti yangu sahau."

Njiani walisimama kununua mapapai. Fundi akafungua mkoba wake kutafuta kisu, akakutana na kikasha. Ndani yake meno ya mzee yalikuwa yamelala, yamekamilika, yanang'aa. Sasa mzee kavaa yapi? Kwa kumpenda binti, alikuwa ametengeneza pea mbili, moja ya kuvaa na moja ya akiba. Ile ya akiba bado haikuwa tayari. Meno yake yalishikiliwa na nta tu, nta ileile ambayo yeye huiyeyusha kwa maji ya moto kila siku ya Mungu. Na ndiyo aliyomvalisha mzee.

Chai moja tu ya moto, na meno yangemwagika mbele ya dada mtu! Alifungua mdomo aseme, akalikumbuka lile onyo, akaufunga.

Jamani, kuanzia hapo vyakula vibichi vilipata mtetezi. Upande wa pili wa barabara mama mmoja alikuwa akichoma mahindi, harufu ikaja mpaka garini. Mzee akameza mate.

"Nusu hindi tu," akasema. "Safarini mtu husamehewa."

"Baba, usiniangushe!" fundi akaropoka. "Miezi yote hiyo uje uimalize kwa hindi?"

Mzee akamgeukia, mshangao umemjaa. "Kumbe na wewe una akili! Haya, lete karoti."

Karoti nayo ilikuwa balaa lingine, maana nta haihimili kung'ata kitu kigumu. Fundi aliipokonya, akaikata vipande vyembamba kama karatasi, akamlisha papai lililoiva mpaka linateleza. Mzee akatafuna polepole na kusema hajawahi kutunzwa hivyo hata na wanawe. Fundi akacheka, huku kijasho chembamba kikimtiririka mgongoni.

Walipofika, dada mtu aliwapokea kwa vigelegele, akawaketisha mezani na kuweka mbele ya ndugu yake bakuli la supu linalofuka moshi.

"Majani yako utakula kwako," akasema. "Hii nimekupikia mimi."

"Shikamoo shangazi, lakini Baba hali vya moto," fundi akadakia.

"Marahaba. Nimekuuliza wewe?"

Mzee alilitazama bakuli. Dada huyu ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na kumkatalia kulimuuma kweli. "Kwa mkono wako, dada, nitakunywa," akasema, akainua kijiko.

"Baba, subiri..."

"Nyamaza, kijana."

Kijiko kikafika mdomoni. Fundi akaruka, akakipiga kijiko, akavuta bakuli, supu yote ikammwagikia suruali. "Usinywe! Hayo meno ni ya nta, yatayeyuka! Nimekosea mimi, nimekuvalisha yasiyo yenyewe, nikaogopa kusema!"

Shangazi mtu alimtazama fundi, akamtazama ndugu yake, akajishika kiuno. Mzee alinyoosha mkono. Fundi akampa kikasha, naye akaingia chumba cha ndani na kufunga mlango. Fundi akabaki amesimama, suruali chapachapa, mapaja yakimwaka moto, akijihesabu kuwa kapera.

Mzee alirudi, akachukua karoti nzima kwenye mfuko wake, akaing'ata. Kach! Akaing'ata tena, kach! Hakuna kilichotikisika.

"Ungeniacha ninywe," akasema, "ungesingizia supu. Ungesema mzee kavunja kiapo chake, meno hayana kosa. Nani angejua?" Akatafuna kidogo. "Umekubali uaibike wewe nisiaibike mimi. Nilikuwa natafuta mtu wa hivyo kwa mwanangu. Dada, unasemaje?"

Shangazi alikuwa anacheka mpaka machozi. "Mpe binti. Ila bakuli langu asiliguse tena!"

Akamletea fundi suruali ya kubadilisha na bakuli lake yeye la supu. Fundi akauona moshi wa supu, akalisogeza bakuli pembeni. Mzee akasukuma mfuko wake katikati ya meza, wakala karoti pamoja.