Mnara Uliokanyaga Udongo

Kati ya Malaba na Bumala hakuna mwanamke aliyejua redio ya kuongea angani kumshinda Apeduno. Wala hakukuwa na mwanamke mwingine aliyekuwa nayo, kwa hiyo hata wa mkia alikuwa yeye yeye.

Redio hiyo aliachiwa na marehemu mumewe, pamoja na mnara wa chuma wa futi sitini nyuma ya jikoni. Leseni alijitafutia mwenyewe: alianguka mtihani mara mbili, mara ya tatu akapita, karatasi akaitundika juu ya picha ya harusi.

Sasa Robinson, mume wa binti yake Akwii, baba wa mjukuu wake Sharlyne, na fundi wa redio mjini Malaba, alikuwa amepata mnunuzi wa vyuma kuukuu. Lori lingeufuata mnara Jumamosi. Habari hiyo aliileta akiwa nje ya ua, maana mkwe hamsogelei mama mkwe wala hawatazamani usoni. Akwii alisimama katikati kubeba maneno, ingawa kila neno lilifika kabla hajalibeba.

"Mwambie mama huo mnara umekufa," Robinson alisema, akiutazama mhogo. "Miguu yake iko kwa udongo. Chuma ikigusa udongo, nguvu yote ya redio inanywewa na ardhi."

"Mwambie mkwe wangu," Apeduno akasema, akimtazama kuku, "huo mparachichi pia uko kwa udongo. Ukitingisha shina, haisikii. Ukishika juu, je? Mimi nitashika juu."

"Mwambie mparachichi haiongei redio."

"Ndiyo maana hajaiuza bado."

"Kwani nyinyi hamsikiani?" Akwii akauliza.

Wakapatana hivi. Alhamisi saa kumi jioni Apeduno aongee kupitia mnara uleule, miguu ikiwa udongoni, kwa mawimbi marefu ya mita themanini. Robinson asikilize kwa redio yake kubwa dukani. Akisikia hata kikohozi, lori lirudi lilikotoka. Kukiwa kimya, mnara ukatwe. Apeduno alimtaja Ikapel wa Burumba, mwenye redio kama yake, awe shahidi. Robinson akakataa katakata.

"Ikapel ni mtu wake. Atasema amesikia hata mama akinyamaza."

Mama na binti wakafanya kazi siku tatu. Apeduno alipanda ngazi mbili za mnara, akakumbuka ana shughuli chini. Akwii ndiye aliyefika katikati, akaukaza waya wa shaba kwenye chuma, akaushusha kando ya mnara, umeshikiliwa na vipande vya paipu ya plastiki usiguse tena popote. Chini, waya ulipita kwenye kifaa cha bati za kupishana walichong'oa katika redio mbovu, wakakifunika kwa kopo la mafuta ya kupikia. Nyaya nyingine kumi na sita walizifukia kuzunguka mguu wa mnara, katikati ya njugu, ili ardhi irudishe inachokunywa.

Kukizungusha kile kifaa mpaka redio na mnara vikubaliane ndiko kulikokula muda. Kidogo kulia, redio inakataa. Kidogo kushoto, inakataa zaidi. Alhamisi mchana mshale wa kipimo ukalala chini kabisa, maana yake nguvu inapanda mnarani na hairudi.

"Na akisema hajasikia?" Akwii aliuliza.

"Atasema hajasikia."

"Sasa tutafanya nini?"

"Sasa wewe weka chai."

Saa kumi Apeduno akaita. Sauti ya Ikapel ikatoka Burumba bila hata mkwaruzo.

"Mama, unaingia kama umesimama kwa mlango yangu."

Wakaongea habari za mvua, wakaongea habari za njugu. Kisha Apeduno akashusha pumzi ndefu.

"Ikapel, niko na huzuni. Watu wametoka sokoni wananiambia suruali ya mkwe wangu leo imepasuka nyuma, kutoka mshipi mpaka chini. Amezunguka nayo Malaba yote. Na mimi, kwa heshima, siwezi kumwambia."

"Pole, mama," Ikapel akasema.

Robinson alifika kwa pikipiki kabla chai haijapoa. Jua lilikuwa kali bado, naye alikuwa amejifunga sweta kiunoni, limening'inia nyuma. Akasimama na mgongo wake umeegemea nguzo ya ua.

"Mwambie mama pole. Nimekaa kwa redio tangu saa kumi, sijasikia kitu. Lori inakuja Jumamosi."

"Mwambie asante kwa kusikiliza," Apeduno akasema. "Na umuulize kama anahisi baridi."

"Mwambie ni homa kidogo."

Neno hilo Akwii hakulibeba. Alimvuta mumewe kutoka kwenye nguzo, akamzunguka, akainua sweta na kukagua kama anayenunua kitambaa sokoni.

"Hii suruali ni nzima."

Robinson alipitisha mkono nyuma, polepole, kutoka mshipi kwenda chini. "Lakini mama amesema imepasuka."

"Amesema wapi, baba Sharlyne?"