Kitambaa cha Agatha

Gurudumu la cherehani lilikuwa limezunguka kitambo kabla Dorika hajatambua kwamba linafumua kitu.

Alikuwa akishona upindo wa gauni la harusi, macho kwenye sindano, mguu kwenye pedali. Pembeni pake kilikuwa kitambaa cha kufuma cha marehemu Agatha, cha duara, kipana kama sahani ya wali. Alitaka kukipunguza mizunguko miwili ili kikae sawasawa mgongoni mwa gauni, na fundo la mwisho alikwisha kulikata. Ncha ya uzi ikaanguka, ikanaswa na mkanda wa cherehani. Kila alipokanyaga, gurudumu lilivuta. Alipogeuka, kitambaa kilikuwa kimebaki kama kifuniko cha soda, na uzi wote ulikuwa umejiviringisha huko chini, umechafuka kwa mafuta.

Aliutoa uzi polepole, kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto, asiukate. Kazi hiyo ilimchukua saa mbili.

Hapo Mkomaindo, mjini Masasi, Dorika alijulikana kwa vitambaa. Zamani nyumba ya Masasi isiyo na vitambaa vya kufuma ilionekana uchi: makochi yalivalishwa, redio ilivalishwa, hata mtungi ulikuwa na wake. Sasa vimelala chini ya masanduku, na yeye huvifuata huko. Vinane hutoa blauzi. Kimoja kikiloweshwa uji mwepesi wa muhogo na kukaushwa juu ya bakuli, kinakuwa kivuli cha taa. Kanuni yake ni kupima kwanza, kisha kupima tena. Kwa miaka kumi na minne hakuwahi kuharibu kitu cha mteja.

Na kitambaa hiki hakikuwa na mwenzake. Isabela, bibi harusi mwenyewe, muuguzi wa Ndanda, alifiwa na mama yake Agatha akiwa darasa la tatu. Ndugu waligawana kila kitu, yeye akabaki na kitambaa hicho. "Mama hatakuwepo Jumamosi," alisema alipokileta, "lakini kazi ya mkono wake iwe mgongoni kwangu."

Siku ile ilikuwa Jumatano.

Dorika alijaribu kukifuma upya kwa uzi mwingine. Cha kwanza kilijikunja kama bakuli. Cha pili kilijaa mawimbi kama upanga wa jogoo. Mchoro ule ulikuwa kichwani mwa Agatha, na Agatha alikuwa kaburini. Kilichobaki ni jina moja ambalo Isabela alilitaja: Bi Kibibi wa Newala, aliyemfundisha mama yake kufuma.

Alhamisi asubuhi alipanda Newala, uzi ukiwa ndani ya mfuko wa karatasi.

Alimkuta bibi barazani, ameketi mkekani karibu na safu ya ndoo. Macho yake yote mawili yalikuwa meupe kwa mtoto wa jicho.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sauti hii siijui. Mama nani?"

"Mama Yohana. Fundi cherehani, natoka Masasi."

Alieleza yote, hakuficha hata mkanda. Bi Kibibi alicheka mpaka akakohoa.

"Cherehani hushona, mwanangu. Cha kwako kimefunzwa na nani kufumua?"

"Bibi, mimi nitacheka Jumapili."

"Haya. Uzi umeufua?"

"Hapana. Una mafuta, nilitaka kuufua, lakini jana maji hayakutoka."

"Basi lishukuru bomba. Uzi ukifuliwa unanyooka, unasahau ulikotoka. Lete. Na sindano ya kroshia umebeba?"

Bibi alinawa kwa nusu kikombe cha maji, na maji yale yale akayamwagia mche wa pilipili. Akakipapasa kile kipande kilichosalia, kisha vidole vikaanza kutembea juu ya uzi. Dorika aliinama kutazama. Uzi ulikuwa na mipindo tangu mwanzo hadi mwisho, mirefu na mifupi. Jana yake aliiona, akaihesabu kuwa ni uharibifu.

"Mpindo mrefu, hapo palikuwa na mshono wa nguzo," alisema bibi. "Mifupi mitatu ikifuatana, mnyororo. Miaka thelathini uzi umekaa mkao mmoja. Hauwezi kudanganya."

Akaanza. Alifuma kidogo, akapapasa, akafuma. Wakati mwingine alifumua tundu moja na kulirudia kwa kulilegeza.

"Mimi mkono wangu unabana. Mama Isabela alikuwa analegeza, nimemgombeza mpaka nikachoka. Leo mimi ndiye ninayemfuata yeye. Anacheka huko aliko."

Dorika alitoa futi yake na kupima kila mzunguko ulipokamilika. Kitambaa kililala tambarare, hakikujikunja wala kufanya mawimbi.

Kwenye mzunguko wa tisa bibi alisimama.

"Ahaa! Hapa karuka tundu, mzunguko unaofuata kalificha. Nilimwuliza, akaniapia hajakosea. Nimekukamata, mama!"

"Tulirekebishe, bibi?"

"Nani kakutuma? Kosa ni lake."

Baada ya mzunguko wa kumi na moja Dorika aliacha kupima. Katika uzi kulikuwa na vidoa vya kahawia, kimoja hapa, kingine mbele, bila mpangilio wowote, naye alikuwa amevidhania mafuta. Kidoa kimoja kiliingia kwenye mzunguko. Mzunguko uliofuata, kingine kikaja kukaa juu yake, bega kwa bega. Kisha vikawa vinne, vikawa upinde. Kufikia adhuhuri upinde ulikuwa umefunga, ukawa pete ya kutu iliyoegemea upande mmoja wa kitambaa: alama ya mguu wa kandili, iliyosambaratika katika uzi mrefu kuliko uwanja wa nyumba ile, na sasa imerudi nzima. Aliyeirudisha hakuwa anaiona.

Dorika hakuamini mizimu, na hapa haikuhitajika. Palikuwa na uzi na hesabu, basi. Ndiyo maana nywele zilimsimama.

"Umeacha kupima," alisema bibi.

"Naangalia."

Kabla ya alasiri sindano ilifika mwisho. Uzi uliobaki ulikuwa na urefu wa kidole, sawa na ncha iliyoanguka Dorika alipolikata fundo.

"Ulisema unataka kukipunguza mizunguko miwili. Nipunguze?"

"Hapana, bibi. Nitalipanua gauni."

Ijumaa, kitambaa kikiwa kimeshafuliwa mafuta, Isabela alikuja kujaribu. Dorika angeweza kunyamaza. Hakuna jicho ambalo lingejua. Lakini alimweleza, na gurudumu akamwonyesha. Isabela alikaa juu ya kigoda, kitambaa magotini, uso umemkauka.

"Bi Kibibi aliongeza uzi?"

"Hata unyuzi mmoja."

"Alipunguza?"

"Hakupunguza. Hata kosa la mama yako lipo, mzunguko wa tisa."

Isabela aliinua kichwa. Tangu utotoni, ndugu walimsimulia habari za Agatha kama za mtakatifu wa kwenye dirisha la kanisa: hakukasirika, hakuchelewa, hakuchoka. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba aliwahi kukosea.

"Mama alikosea?"

"Akaficha. Akaapa hajakosea."

"Akaapa!" Isabela alicheka, cheko lililomtoka ghafla, na machozi nayo yakaja. "Nionyeshe wapi."

Dorika alihesabu kwa ncha ya pini kutoka katikati, akasimama. Isabela akaweka kidole pale. Hakukiondoa hata Dorika alipomsimamisha kumvalisha gauni, ikabidi fundi amngoje.