Vitambaa Vyeusi Mizingani

Inspekta Gorringe alikataa mkate, akakubali chai, na hapo ndipo Olive Akehurst alipoanza kuogopa kwelikweli. Mgeni wa kupita hula upesi akaenda zake. Huyu alivuta kiti, akaweka kofia gotini, akatoa mfukoni kikaratasi chenye sukari yake mwenyewe, maana tangu vita ianze sukari ni ya mgao, na hakuna mtu mwenye adabu anayegusa sukari ya mwenzake.

"Poleni tena, mama," alisema. "Mashamba yote haya, bomu likaona ghala lenu tu. Na mumeo ndani!"

"Ndiyo hivyo, Inspekta."

Olive alitazama kikombe chake. Bomu lile alilipigia magoti kulishukuru. Reuben, mumewe, hakufa Ijumaa, siku ya bomu. Alikufa Jumatano, juu ya ngazi ya ghala, mkanda wa ngozi mkononi, mkewe alipomsukuma mara moja tu kwa mikono miwili ili asichapwe tena. Alianguka chali kwenye sakafu ya mawe, asiinuke. Olive alimburuta mpaka pembeni, akamfunika kwa majani makavu, akamwambia mama mkwe kwamba Reuben ameenda mji wa Lewes kutazama kondoo. Chakula hakikupita kooni, usingizi haukuja. Halafu Ijumaa ndege ya Wajerumani iliyokuwa inakimbilia baharini ikabwaga bomu lake la mwisho, ghala likawa kifusi, na kijiji kizima kikaja kumlilia Reuben kama shujaa. Nani angeuliza zaidi? Basi aliyeuliza ndiye huyu, anakoroga chai.

"Aliporudi kutoka Lewes aliingia ghalani moja kwa moja? Hata chai hakunywa?"

"Hakunywa."

"Mume wa ajabu."

Kando ya jiko, bibi Thirza, mama mzazi wa Reuben, alikuwa anamenya viazi. Tangu msiba hakuwa amesema maneno kumi. Mguu wake mbovu ulikuwa umenyooshwa juu ya kigoda, na kisu hakikusimama.

"Daktari wetu ni msumbufu," Gorringe aliendelea. "Hajui kuandika tu 'bomu' akalala. Anasema kila mtu tunayemfukua kwenye kifusi ana vumbi puani, mdomoni, mpaka kooni. Lazima, si alikuwa anahema? Sasa Reuben wako alikuwa safi. Pua safi, koo safi. Unanielewa, mama?"

Olive alielewa, tena sana. Shingo yake yenyewe ilielewa, maana anayeua mume hapa Uingereza hunyongwa, vita iwepo isiwepo.

"Pengine alikufa papo hapo," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamtia hofu.

"Pengine. Hata daktari kasema pengine." Inspekta alimaliza chai, akasimama. "Basi, nisiwachoshe."

Jamani, alikuwa anaondoka! Olive alimsindikiza mpaka mlangoni. Lakini Gorringe hakuelekea kwenye gari. Aligeukia ukuta wa bustani ya matofaa.

"Mnafuga nyuki? Marehemu baba yangu alikuwa nao. Hebu niwaone kidogo."

Huko Olive alikuwa hafiki. Yeye ni mtu wa mjini Brighton, nyuki anawaogopa, na mizinga ilikuwa ya bibi. Alimfuata inspekta kwa mbali, na nyuma yake akasikia mkongojo wa bibi Thirza ukigonga mawe.

Kila mzinga ulikuwa umefungwa kitambaa cheusi. Olive hakushangaa. Ndivyo wanavyofanya watu wa huku: mtu wa nyumba akifa, mwenye nyuki huchukua ufunguo wa nyumba, hugonga kila mzinga mara tatu na kuwaambia nani amefariki, kisha huwavisha msiba. Wasipoambiwa kabla jua halijachomoza tena, nyuki huhama, au hufa wote. Na hawadanganywi. Bibi alimfundisha hayo mwaka aliozikwa baba mkwe, na Olive alicheka siku nzima.

"Waliambiwa vizuri," inspekta alisema kwa heshima. Halafu akainama.

Vumbi jeupe la ghala lilikuwa limefunika kila kitu bustanini, majani, ukuta, vifuniko vya mizinga. Lilikuwa limelala juu ya vitambaa pia. Gorringe alifungua fundo moja taratibu, akakiinua kitambaa. Chini yake mbao zilikuwa safi kabisa.

Alifungua cha pili. Safi.

Mungu wangu, vilifungwa kabla ya bomu! Olive alihisi ardhi inamkimbia. Aligeuka akamtazama mama mkwe, na macho ya bibi Thirza yalikuwa yanamngoja. Alijua. Mama wa watu alijua tangu Jumatano, huenda alisikia kishindo cha ghalani. Siku zote zile wamekaa meza moja, wakipeana chumvi, na bibi anajua mwanawe yuko wapi.

"Mama Akehurst," inspekta alimwambia bibi, bila ukali, "uliwaambia nyuki siku gani?"

"Jumatano jioni. Ulitaka wahame?"

"Na Jumatano ulijuaje kwamba mwanao amekufa?"

Sasa ananitaja, Olive alijisemea.

"Si nilimuua mwenyewe," bibi alisema. "Nilimsukuma kutoka juu ya ngazi."

"Kwa mguu huo? Ngazi ile ulipandaje?"

"Nilipanda. Wewe ulikuwepo?"

"Mama..." Olive alianza.

"Kimya wewe! Watu wazima wanaongea." Bibi alimgeukia inspekta. "Miaka yote alikuwa anampiga huyu mtoto, mimi nasikia ukutani, najifunika mto. Baba yake alinipiga mimi hivyo hivyo. Nilichoka. Andika hivyo, twende zetu."

Gorringe alimtazama mmoja, akamtazama mwenzake. Alikuwa anajua; hata kipofu angejua. Lakini mtu akikiri, askari afanye nini?

"Kalete koti lako, mama," alisema hatimaye.

"Koti la nini, jua lote hili?" Bibi alitoa ufunguo wa nyumba kwenye aproni, akaubandika kwenye kiganja cha Olive na kukibana. Hakukiachia upesi. Kumbe naye alikuwa anaogopa. "Waambie nyuki nimeondoka, na kwamba sasa wewe ndiye mwenye nyumba. Usisahau, wasije wakahama."

Basi ameokoka! Furaha ilimpanda Olive, na aibu ikaifuata nyuma. Atalala. Atakula. Shingo yake ni yake. Kilichobaki ni kugonga mara tatu na kusema maneno mawili matatu.

Alisogea mzingani. Nyuki walivuma karibu na uso wake, naye kwa mara ya kwanza hakuwaogopa, maana hofu yote ilikuwa imeshapata kazi nyingine. Aligonga kwa ufunguo. Mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

"Bibi yenu ameondoka," alisema. "Ameondoka kwa sababu..."

Aliubana ufunguo.

"Kwa sababu yangu," alisema Olive, kwa sauti iliyosikika mpaka ukutani. "Yeye hajamgusa mtu. Ni mimi niliyemsukuma Reuben."

Ufunguo ulimponyoka mkononi. Alipogeuka, inspekta alikuwa amevua kofia, na bibi Thirza alikuwa anaegemea mkongojo kwa mikono yote miwili, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni.

"Mjinga we," bibi alisema. "Nyuki niliwaambia yote Jumatano. Ulikuwa unamwambia nani?"